Kitatange Si Samaki wa Darasani

Kila mwaka, wanachuo wetu wanapokwenda katika shule za msingi kwa mazoezi ya kufundisha, huwa tunawasisitizia jambo moja kuliko mengine yote: somo la sayansi halifundishwi kwa maneno matupu. Mtoto na aone, aguse, apime, alinganishe. Ushauri huo hatuufuti. Lakini mwaka mmoja ulituzalia tunda ambalo hatukulitazamia, nasi tunaona ni haki wasomaji wa jarida hili, hasa ninyi mnaojiandaa kwenda mazoezini, mlisikie kutoka kwetu wenyewe, maana kosa lenyewe tulishiriki kulitenda.

Katika shule moja ya pwani alipangiwa mwanachuo hodari, mwenye bidii ya kutafuta zana za kufundishia. Alikuwa na mada ya samaki katika darasa la nne. Aliona haitoshi kuchora samaki ubaoni, akamwagiza fundi amtengenezee tangi la kioo lenye kuchukua ndoo tatu za maji hivi. Akachota maji ya bahari, akatandaza mchanga chini, akaweka vipande viwili vya tumbawe lililokwisha kufa, kisha akamwomba mvuvi amletee kitatange aliye hai. Mvuvi hakudai bei kubwa, kwa kuwa kitatange ni samaki mdogo, mwembamba kama sahani, asiye na nyama ya kutajika. Alimletea mmoja mzuri sana: mweupe, mwenye mistari myembamba iliyokunjika kama ncha za mishale, na mkia mweusi wenye ukingo wa manjano.

Sisi wakufunzi wawili tulifika kukagua siku ya Alhamisi. Tulikuta darasa limetulia kama msikiti, watoto wamelizunguka tangi, kila mmoja ana daftari na penseli, wakichora. Yeyote aliyewahi kukagua darasa la watoto sitini na zaidi anaelewa furaha tuliyoipata. Tulimpa mwanachuo yule alama za juu, tukaandika katika fomu yake kwamba zana ni bora sana na kwamba wenzake waige. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza samaki yule alikuwa amekula nini siku ile.

Jumanne iliyofuata tulirudi. Samaki yumo tangini, watoto wanachora tena. Tulipokuwa tukipitia madaftari tuliona jambo dogo. Katika michoro ya Alhamisi, watoto wengi walikuwa wamechora pezi la mgongoni likiwa na pengo, kana kwamba limenyofolewa. Huenda liliraruliwa na wavu. Katika michoro ya Jumanne pezi lilikuwa zima. Na chini ya mchoro, kwa mwandiko safi wa kitoto, palikuwa na sentensi: pezi la samaki likikatika hupona kwa siku mbili. Pembeni pamewekwa alama ya vema kwa wino mwekundu.

Mwanachuo tulimwita kando, naye hakuficha. Samaki wa kwanza alikutwa amekufa Jumamosi asubuhi. Alihofia huzuni ya watoto, na, kama alivyokiri mwenyewe, alihofia zaidi kurudi kwetu. Akarudi kwa mvuvi kutafuta mwingine wa sura ile ile. Jumatatu, msichana mmoja alisimama na kuuliza imekuwaje pezi likapona. Mwalimu akamjibu kwamba ndivyo mapezi yalivyo, hupona. Siku ile tunayomhoji, samaki wa pili naye alikuwa amejibanza pembeni mwa tangi, akihema haraka haraka. Kesho yake alikufa.

Tumelifikiri tukio hili kwa muda mrefu, na maoni yetu ni kwamba hasara kubwa haikuwa vifo vya samaki wawili. Msichana yule alifanya kila kitu ambacho sayansi inamtaka mwanafunzi akifanye. Alitazama kwa makini, akaandika alichokiona, akalinganisha siku na siku, akaona tofauti, akauliza. Halafu akapewa jibu la uongo, na uongo ukawekewa alama ya vema. Mapezi ya samaki kweli huweza kuota tena, lakini huchukua majuma, si siku mbili. Kwa hiyo uongo ule ulikaa jirani kabisa na ukweli, na uongo wa namna hiyo ndio mgumu kuung'oa. Mwanachuo hakuwa mtu mbaya. Alinaswa na zana ambayo tangu mwanzo haikuwa na njia ya kufanikiwa, na sisi tulikuwa tumeipigia makofi.

Basi na tumwangalie samaki mwenyewe, kwa sababu wanachuo wengi hudhani alikufa kwa bahati mbaya au kwa uzembe.

Kitatange ni jina ambalo watu wa pwani huwapa samaki kadhaa wa rangi nyingi wanaoishi kwenye miamba ya matumbawe. Wanaotuhusu hapa ni wale wa ukoo ambao wataalamu wanauhesabia zaidi ya aina 120, wengi wao wakiwa katika Bahari ya Hindi na Pasifiki. Kundi lao kubwa huitwa kwa jina la kitaalamu Chaetodon, maana yake mwenye meno kama nywele, na kweli meno yao ni membamba mno, mfano wa brashi. Midomo yao imechongoka. Mdomo wa namna hiyo haukuumbwa kwa kupasua wala kutafuna. Kazi yake ni kudonoa. Aina nyingi hudonoa wanyama wadogo laini wanaojenga tumbawe na kuishi ndani yake. Yule mwenye mistari ya mishale, ambaye wataalamu humwita Chaetodon trifascialis, amezidi wenzake kwa uchaguzi: hula karibu matumbawe ya aina moja tu, yale yanayotanuka kama meza au kuchipua kama pembe za paa, na kila mmoja hulilinda tumbawe lake kama mkulima alindavyo shamba.

Sasa mweke samaki huyo katika tangi lenye mchanga na vipande vya tumbawe lililokufa, kisha umtupie makombo ya mkate, au hata dagaa waliosagwa. Ni sawa na kumfungia ng'ombe chumbani na kumwekea sahani ya samaki wa kukaanga. Chakula kipo, naye anakufa njaa mbele yake. Hata wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya na Marekani, wenye mashine na dawa za kila namna, humhesabu huyu miongoni mwa samaki wasiofugika, kwa kuwa tangini hukataa kula na kudhoofika mpaka afe.

Wapo vitatange wengine wasio wachaguzi kiasi hicho. Yule mwenye uzi mrefu unaotoka katika pezi la mgongoni, Chaetodon auriga, hula pia minyoo na wanyama wadogo wa aina ya kamba, na katika matangi makubwa yanayotunzwa vema huweza kuishi miaka. Tunalitaja hili ili tusije tukaambiwa tumetia chumvi. Lakini matangi hayo ni ya mamia ya lita, na mtunzaji wake hufanya kazi hiyo kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Mwanachuo mwenye wiki chache za mazoezi, vipindi vingi kwa juma na maandalio ya masomo ya kuandika usiku, hawezi kuwa mtunzaji huyo.

Likifuata suala la maji. Wengi hufikiri kuwa maadamu maji yametoka baharini, kazi imekwisha. Maji ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi katika kila lita. Tangi likikaa wazi darasani katika joto la pwani, maji hupaa, chumvi hubaki, na baada ya siku chache samaki anaogelea katika maji makali kuliko aliyoyazoea. Tena maji yakipata joto hupungukiwa na oksijeni, na kitatange amezoea mwamba ambako mawimbi huyachanganya maji na hewa usiku na mchana. Kubwa kuliko yote ni uchafu wake mwenyewe. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, nayo ni sumu. Baharini amonia hiyo hupotea katika maji yasiyo na kikomo. Tangini haina pa kwenda, isipokuwa wawepo bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao hawapatikani kwa siku moja. Tangi jipya huhitaji mwezi mmoja au zaidi ndipo wawe wa kutosha. Samaki wetu aliwekwa katika maji yaliyochotwa asubuhi ile ile. Kule kuhema haraka haraka tulikokuona, ambako watoto walikusifu kwamba samaki anacheza, ilikuwa dalili ya mnyama anayetaabika kupumua.

Wenzetu wengine wa chuoni, tulipolileta jambo hili katika kikao, walitupinga kwa hoja ambazo si za kupuuzwa. Walisema: mbona mtoto huvutwa na rangi, na rangi za mwamba hazina mfano? Mbona samaki hawa huvuliwa hai kila siku wakauzwa? Ni kweli. Nchini Kenya, kwa mfano, wako wazamiaji ambao kazi yao ni kuwakamata samaki wa mwamba wakiwa hai ili wasafirishwe kwa ndege kwenda kupamba nyumba za watu wa mbali. Lakini biashara kuwapo hakufanyi kitu kuwa zana ya kufundishia. Isitoshe, karibu samaki wote wa mapambo wa baharini hutolewa mwituni, tofauti na wale wa maji baridi ambao wengi huzalishwa mabwawani. Wanaozaliwa kwenye matangi, kama vile samaki mdogo wa rangi ya chungwa na nyeupe aishiye ndani ya mikono ya yule mnyama wa baharini anayefanana na ua, bado ni wachache. Kitatange hawamo katika wazalishwao kwa wingi. Kila shule itakayomtaka, lazima atolewe mwambani.

Na mwamba wenyewe si ule wa zamani. Mwaka 1998 maji ya upande huu wa Bahari ya Hindi yalipozidi joto, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka yakafa, na mwaka 2016 balaa hilo likarudi. Matumbawe yakifa, kitatange alaye matumbawe hupungua naye, ndiyo maana wataalamu humtumia kama kipimo: wakiwahesabu vitatange, hupata dokezo la afya ya mwamba. Ongeza hapo madhara ya baruti, ambayo wavuvi waharibifu wameitumia kwa miaka mingi ingawa sheria inakataza. Hatusemi kwamba shule moja ikichukua samaki mmoja bahari itakwisha. Tunasema kwamba mwalimu anayefundisha uhifadhi kipindi cha tatu hawezi kumtoa kitatange mwambani kipindi cha nne, akamwua mbele ya darasa lile lile.

Mtatuuliza: tufanyeje basi? Hapa ndipo tungependa ninyi wanachuo mtulie pamoja nasi, maana kukataza ni rahisi.

Kwa shule zilizo pwani, tangi lipo tayari, nalo hujazwa na kumwagwa mara mbili kila siku bila fundi. Penye miti hapana wajenzi: tumezitembelea shule ambazo kutoka dirishani unaliona povu la mawimbi mwambani, na bado watoto hujifunza samaki kwa picha iliyofifia ya kitabu. Siku za bamvua, mwezi unapokuwa mpevu au mwandamo, maji hupwa sana na kuacha vidimbwi kati ya mawe. Mwalimu amwendee mvuvi mzee wa kijijini siku mbili kabla, amwulize maji yatakupwa saa ngapi na yataanza kujaa saa ngapi, na darasa liwe limekwisha kurudi nchi kavu kabla ya maji kurudi. Watoto wavae viatu, kwa sababu kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi na samaki wenye sumu wanaojificha mfano wa mawe. Wasikanyage matumbawe hai, wala wasigeuze jiwe bila kulirudisha. Kila watoto kumi wapate mtu mzima mmoja; wazazi wavuvi huja kwa furaha wakiombwa kwa heshima.

Zana ya kwenda nayo ni nyepesi. Chukua ndoo ya plastiki iliyochakaa, kata kitako chake, bandika kipande cha kioo kwa gundi isiyopitisha maji, na usubiri ikauke vizuri. Ukiizamisha kidogo juu ya kidimbwi, viwimbi vya juu havisumbui tena macho, na mtoto huona chini kama atazamaye dirishani. Tulijaribu na watoto wa darasa la tano. Samaki wakubwa hawakuwapo, lakini palikuwa na vitatange wachanga wawili, kila mmoja mdogo kuliko sarafu, wakizunguka jiwe moja. Swali la kwanza halikutoka kwetu. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini jicho lao halionekani. Ni kweli: vitatange wengi wana mstari mweusi unaopita juu ya jicho na kulificha, na baadhi yao wana doa jeusi karibu na mkia ambalo adui anaweza kulidhania kuwa jicho. Darasa zima lilibishana kwa nusu saa samaki yule anatazama upande gani. Tangini, mbele ya samaki mmoja aliyejibanza, hatukulisikia swali hilo.

Zanzibar wametangulia katika jambo hili. Kisiwa cha Chumbe kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na wanafunzi wa shule za huko wamekuwa wakipelekwa kuuona mwamba wenyewe ukiwa na samaki wake. Shule isiyo na njia ya kufika mahali kama pale haina sababu ya kukata tamaa, mradi ina kidimbwi.

Kuna pia samaki aliyekwisha kufa. Nendeni mnakoshushwa samaki asubuhi, muulize kama dema limeleta kitatange; mara nyingine huwamo, na mvuvi atakupeni kwa bei ndogo. Huyo amekwisha kufa kwa kazi ya riziki, hakufa kwa ajili yenu. Mfungueni mdomo, muone meno yake ya nywele, mhesabu miiba ya pezi la mgongoni kwa uangalifu maana huchoma, mwinue mfuniko wa matamvua. Fanyeni haraka, rangi hufifia. Kufifia huko kwenyewe ni somo.

Walio bara, Tabora au Songea, wasidhani tumewasahau. Wao, na hata walio pwani, wakitaka samaki hai darasani, wachukue perege wachanga wa bwawani au samaki wengine wadogo wa maji baridi wa mahali pale pale. Hawa huvumilia joto, hula vyakula vya namna nyingi, na siku ya kufunga shule hurudishwa bwawani walikotolewa. Maji ya bomba yaachwe kwenye chombo cha wazi siku nzima kabla ya kutumiwa, ili dawa ya kuulia vijidudu ipungue. Tangi la ndoo tatu lichukue samaki wawili au watatu, si kumi. Ziwekwe majani ya majini. Kila siku chache sehemu ya maji ibadilishwe, wala si yote kwa mara moja. Perege hana mavazi ya kitatange, tunakubali. Lakini watoto watahesabu mapigo ya matamvua asubuhi na adhuhuri, watayalinganisha na joto la maji, na watakachokipata kitakuwa kweli.

Hata perege hufa. Ikitokea, mwalimu asiende usiku kutafuta wa kufanana naye. Mwanachuo wetu, tulipokwisha kuzungumza naye, aliomba ruhusa ya kurudi darasani kabla hatujaondoka. Alisimama mbele ya watoto akawaambia kwamba samaki wa kwanza alikufa, kwamba yule wa Jumatatu alikuwa mwingine, na kwamba jibu alilompa mwenzao halikuwa sahihi. Tulidhani watalia. Walinyamaza kidogo, kisha msichana yule akasema kwamba alijua, kwa sababu mistari ya mkiani ilikuwa tofauti pia, ila hakutaka kubishana na mwalimu. Akaomba kifutio. Mwanachuo akamwambia asifute, bali akate sentensi ile kwa mstari mmoja na kuandika iliyo sahihi chini yake, pamoja na tarehe.

Alama tulizompa katika fomu ya kwanza hatukuzibadilisha. Tuliandika fomu ya pili, tukaziambatanisha zote mbili, na katika ya pili tukaandika kosa letu pia. Tangi lenyewe liko katika maabara ya chuo na kwa sasa lina perege wawili. Mwanachuo anayelihitaji kwa mazoezi ya muhula ujao aje na barua ya mwalimu mkuu wa shule aliyopangiwa, pamoja na maelezo mafupi yanayotaja mambo matatu: samaki atatoka wapi, atakula nini, na atarudishwa wapi.